Bei Isiyosemwa: Mfumo Endeshi, Kompyuta Mpya na Uhuru wa Mlaji

Tarehe 7 Septemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilitoa hukumu katika shauri namba C-310/15 baina ya mnunuzi mmoja wa Ufaransa na kampuni ya Sony. Mwaka 2008 mnunuzi huyo alikuwa amenunua kompyuta mpakato iliyokuja na Windows Vista pamoja na programu nyingine kadhaa. Alipoiwasha mara ya kwanza aliyakataa masharti ya leseni yaliyotokea kwenye kioo, kisha akadai arudishiwe sehemu ya bei inayolingana na programu ambazo hakuzitaka. Sony ilikataa. Ilikuwa tayari kuvunja mauzo yote: arudishe mashine, apewe euro zake 549. Alishindwa katika mahakama ya Asnières, akashindwa tena kwenye rufaa ya Versailles. Shauri lilipofika mahakama ya juu ya Ufaransa, majaji wake waliomba tafsiri ya sheria kutoka Luxembourg. Jibu lilikuwa kwamba kuuza kompyuta ikiwa na programu zilizosakinishwa awali si, kwa kitendo hicho peke yake, biashara isiyo ya haki, ila ithibitike kwamba muuzaji amekiuka uangalifu unaotakiwa katika kazi yake na kuvuruga uamuzi wa mlaji. Na kutotaja bei ya kila programu si kumpotosha mlaji, maadamu bei ya jumla imetajwa.

Tangu hapo hukumu hiyo imekuwa ngao ya wanaosema kwamba suala la mfumo endeshi kwenye kompyuta mpya limekwisha. Hoja zao ni mbili, na zote mbili zimo ndani ya hukumu yenyewe. Ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya walaji wanataka mashine inayofanya kazi papo hapo, bila kazi ya kusakinisha chochote. Ya pili ni kwamba aliyearifiwa mapema kuwa kompyuta hii haiuzwi bila programu alikuwa huru, kimsingi, kuchagua ya muundo mwingine, ya kampuni nyingine, yenye uwezo unaokaribiana na huo, isiyo na programu au yenye programu tofauti. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili naikataa. Neno «kimsingi» limebebeshwa humo mzigo ambao ushahidi wa miaka thelathini hauwezi kuubeba.

Ninachotetea ni hiki: uamuzi kuhusu mfumo endeshi haufanyiki dukani. Unafanyika katika mkataba baina ya mwenye mfumo na mtengenezaji wa mashine, mkataba ambao mlaji hauoni na ambao bei yake ni siri. Kwa sababu hiyo uhuru wa mlaji haupimwi kwa kuhesabu mashine zilizopangwa rafuni wala kwa kuuliza kama aliarifiwa. Unapimwa kwa kuuliza kama bei ya mfumo inaonekana, na kama inaweza kutolewa kwenye bei ya jumla.

Kuhusu nguvu ya kitu kilichowekwa tayari, hakuna haja ya kusema mengi. Tangu William Samuelson na Richard Zeckhauser waandike mwaka 1988 juu ya mwelekeo wa watu kubaki na hali waliyoikuta, hakuna mtafiti makini anayeamini kwamba chaguo lililopo tayari na chaguo la kutafutwa yana nafasi sawa. Ugomvi uko kwenye nadharia ya mauzo fungamani. Wanazuoni wa Chicago, na Robert Bork akiwa sauti yao kuu katika kitabu chake cha 1978, walifundisha kwamba mwenye ukiritimba katika bidhaa moja hapati faida ya ziada kwa kuifunga na bidhaa nyingine, kwa kuwa kila anachoweza kutoza angekitoza kwenye ile ya kwanza. Fundisho hili bado linarudiwa kana kwamba Michael Whinston hakuwahi kuandika. Mwaka 1990 Whinston alionyesha kwamba hesabu hiyo inasimama pale tu ambapo soko la bidhaa ya pili lina ushindani kamili. Pale ambapo mshindani anahitaji wateja wengi ili aendelee kuishi, kumnyima wateja hao ni kumwondoa sokoni. Hakuna bidhaa inayohitaji wateja wengi kuliko mfumo endeshi, kwani wasanidi wa programu huandikia mfumo wenye watumiaji wengi, na watumiaji huufuata mfumo wenye programu nyingi.

Lakini hata Whinston hamalizi tatizo letu, na hapa naona wachambuzi wengi wa hukumu ya Luxembourg wamepita bila kusimama. Sheria ya ushindani humkamata mwenye nguvu ya soko. Sony haikuwa na nguvu hiyo. Ilikuwa kampuni moja kati ya nyingi zinazouza kompyuta. Sheria ya kumlinda mlaji, kwa upande wake, humkamata muuzaji, na humuuliza zaidi kama ametoa taarifa. Sony ilitoa taarifa. Mwenye nguvu ya soko, yaani mwenye leseni, hakuwa sehemu ya mauzo. Na aliyekuwa sehemu ya mauzo hakuwa na nguvu ya soko. Mnunuzi akatumbukia katikati ya sheria mbili, kila moja ikimwelekeza kwa mwenzake. Kabla ya hapo Ufaransa ilikuwa na kanuni iliyokataza kabisa kumlazimisha mlaji kununua kitu kimoja ili apate kingine. Kanuni za namna hiyo zilianza kuporomoka Aprili 2009, mahakama hiyohiyo ya Luxembourg ilipobatilisha katazo la Ubelgiji la mauzo ya pamoja kwa kuwa lilivuka mipaka ya Mwongozo wa Ulaya wa 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki. Mwaka 2011 Ufaransa nayo ikairekebisha sheria yake. Madai ya mnunuzi wetu yalisikilizwa katika ulimwengu ambao chombo kilichoundwa kwa ajili yake kilikuwa kimeshavunjwa.

Ni nini basi hutokea ndani ya mikataba hiyo? Ushahidi bora tulio nao ni wa kampuni ya IBM mwaka 1995, na unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida, kwa sababu haukutoka kwa washindani wenye uchungu peke yao. Umo katika matokeo ya kimahakama aliyoyaandika Jaji Thomas Penfield Jackson tarehe 5 Novemba 1999 katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, na msingi wa uamuzi kuhusu kuulinda ukiritimba kwa njia haramu ulithibitishwa na mahakama ya rufaa Juni 2001, ingawa amri ya kuigawa kampuni ilitenguliwa.

IBM ilikuwa na sura mbili. Ilitengeneza kompyuta, na hivyo ilihitaji Windows ili iuze. Wakati huohuo ilikuwa na mfumo endeshi wake, OS/2, na katikati ya mwaka 1995 iliinunua Lotus, iliyokuwa na programu za ofisi za kushindana na zile za Microsoft. Microsoft iliahidi nafuu ya bei ya leseni kama IBM ingepunguza juhudi za kuisambaza OS/2 kwenye kompyuta zake. IBM ilikataa. Julai 1995 mazungumzo ya leseni ya Windows 95 yalisimamishwa, kwa maelezo kwamba kwanza ukaguzi wa malipo ya IBM ya miaka ya nyuma ukamilike. Jaji alikuta kwamba Microsoft ilikuwa tayari kuumaliza ukaguzi huo haraka endapo IBM ingekubali kutoweka programu za Lotus kwenye kompyuta zake kwa muda. Washindani wa IBM walikuwa wameshapata walichohitaji ili kuziandaa mashine zao. IBM ilitia saini dakika 15 kabla ya hafla rasmi ya kuzindua Windows 95, tarehe 24 Agosti. Ikawa imeukosa msimu wa mauzo ya wanafunzi wanaorudi shuleni, na jaji alikuta pia kwamba ililipa zaidi ya watengenezaji wengine wakubwa kwa bidhaa ileile.

Tumfikirie mnunuzi wa Marekani aliyeingia dukani mwezi ule. Alikuta kompyuta zenye Windows 95 na hakukuta karibu kitu kingine. Bei ilikuwa wazi, taarifa zilikuwa wazi, na kwa vipimo vya Luxembourg alikuwa huru. Lakini rafu aliyoiona ilikuwa imepangwa na adhabu aliyopewa mtengenezaji mmoja kwa kuthubutu kusambaza mfumo mwingine. Ikiwa IBM, na ukubwa wake wote, ilitozwa gharama hiyo, tutasemaje kwamba mtengenezaji mdogo anayefunga Windows kwenye kila mashine anaitikia tu mapenzi ya wateja wake?

Mfano wa BeOS unakamilisha picha. Kampuni ya Be, iliyoanzishwa na Jean-Louis Gassée, ilifika hatua ya kuutoa mfumo wake bure kwa watengenezaji ambao wangeuonyesha wakati kompyuta inawashwa. Hitachi iliuweka kwenye mashine za Flora Prius nchini Japani, lakini mnunuzi hakuuona hadi afuate maelekezo maalumu ya kuufichua. Bidhaa ya bei sifuri haikupata nafasi. Be iliishitaki Microsoft mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikalipwa dola milioni 23.25 katika suluhu ambayo Microsoft haikukiri kosa. Wakati huo mfumo wenyewe ulikuwa umeshauzwa kwa Palm, na hakuna mnunuzi wa kompyuta mpya aliyebaki na cha kuchagua.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya zamani, kwamba amri ya mahakama ya mwaka 2002 iliilazimisha Microsoft kuwapa watengenezaji wakubwa 20 masharti yanayofanana, na ikapiga marufuku kulipiza kisasi. Ni kweli, na ilikuwa amri ya maana. Lakini ilikuja OS/2 na BeOS zikiwa zimeshashindwa sokoni, muda wake uliisha Mei 2011, na haikugusa kitu kimoja: mlaji hakupewa haki ya kujua leseni imegharimu kiasi gani katika mashine yake.

Ushahidi unaopendwa na upande wa pili ni ule wa Windows XP N. Machi 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe toleo lisilo na programu yake ya kuchezea muziki na video. Toleo likatolewa. Aprili 2006 Microsoft iliieleza mahakama kwamba nakala 1,787 tu ndizo zilizokuwa zimeuzwa kwa wenye maduka Ulaya nzima. Mwaka hadi mwaka idadi hiyo hutajwa kuonyesha kwamba walaji hawataki kuchagua. Ajabu ni kwamba wanaoitaja hupita kimya juu ya jambo lililoieleza: XP N iliuzwa kwa bei ileile ya XP kamili. Ukimwekea mtu sahani mbili za wali kwa bei moja, moja ina mchuzi na nyingine haina, utajifunza nini juu ya thamani anayouwekea mchuzi? Nakala 1,787 ni kipimo cha watu waliokubali kupata pungufu bila nafuu yoyote. Kuhusu uhuru wa mlaji hazisemi kitu, isipokuwa kwamba kutenganisha bidhaa bila kutenganisha bei ni kazi bure.

Kinyume chake, mara chache ambazo bei zilitengana, soko lilitikisika. Oktoba 2007 Asus ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya kioo cha inchi 7, ikiwa na Linux. Ilipendwa kuliko ilivyotarajiwa. Microsoft, iliyokuwa imepanga kuacha kuuza Windows XP katikati ya 2008, ilitangaza Aprili mwaka huo kwamba itaendelea kuitoa kwa mashine ndogo za bei nafuu hadi 2010. Naomba msomaji auone mpangilio wa matukio. Mfumo mpinzani ulipokuwa ndio uliosakinishwa kiwandani, mwenye soko alibadili kalenda yake. Ushindani ulitokea, na ulitokea pale ninapodai kwamba hutokea: ngazi ya mtengenezaji.

Wapinzani hutaja kauli ya kampuni ya MSI ya mwaka 2008 kwamba kompyuta zake ndogo zenye Linux zilirudishwa dukani mara nne zaidi ya zile zenye XP. Kauli hiyo ipo, na inaonyesha kwamba wako walionunua bila kuelewa wanachonunua. Lakini Dell, iliyokuwa ikiuza mashine za aina hiyo katika kipindi hichohicho, ilieleza mwaka 2009 kwamba kiwango chake cha kurudishwa hakikutofautiana kati ya mifumo hiyo miwili. Kama kampuni moja iliona tofauti kubwa na nyingine haikuiona, sababu itafutwe katika namna mashine zilivyoandaliwa na kuelezwa kwa wateja.

Afrika nayo ina mfano wake wa mwaka 2007. Nigeria iliagiza kompyuta za Classmate zipatazo 17,000 kwa ajili ya shule, zikiwa na Linux ya kampuni ya Mandriva. Baada ya mkataba kusainiwa, ikafahamika kwamba mifumo hiyo ingeondolewa na kuwekwa Windows, na mkuu wa Mandriva, François Bancilhon, akaandika barua ya wazi kwa Steve Ballmer wa Microsoft kulalamika. Baadaye wakala wa serikali uliokuwa ukizilipia ulisisitiza Mandriva ibaki. Katika sakata lote hilo, mwalimu na mwanafunzi ambao wangeketi mbele ya mashine hizo hawakuwa na kauli katika hatua yoyote.

Hoja kwamba bei ya mfumo haitenganishiki na ya mashine nayo haina msingi, na kuikanusha hatuhitaji kwenda mbali. Katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, ni kawaida kukuta kompyuta mpakato mpya yenye lebo ya FreeDOS, na kando yake nyingine ya muundo huohuo yenye Windows, ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi. FreeDOS ni mfumo huru ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, mdogo kiasi kwamba kwenye mashine ya kisasa kazi yake kubwa ni kuonyesha kuwa inawaka. Yaani jambo ambalo mahakama ya Luxembourg iliona halina lazima, wauzaji wetu hulifanya kila siku, hasa kwenye mashine za bei ya chini na ya kati. Mnunuzi huziona bei mbili, akatoa moja kwenye nyingine, akajua Windows inamgharimu kiasi gani.

Najua pingamizi litakalofuata. Wengi wanaonunua FreeDOS huipeleka mashine kwa fundi, naye huwapigia Windows isiyo na leseni kwa ujira mdogo. Hilo lipo, na mwanazuoni asilifunike. Lakini halijibu swali. Swali lilikuwa kama bei inaweza kutenganishwa, na imetenganishwa. Tena nakala isiyolipiwa haimpunguzii mwenye soko nguvu kama inavyodhaniwa. Mwaka 1998 Bill Gates aliwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, akiizungumzia China, kwamba maadamu watu wataiba programu, heri waibe zake, kwani watazizoea na siku moja njia ya kuwatoza itapatikana. Mazoea hayo yana gharama inayokuja baadaye. Huduma ya Windows 10 ilipofikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine zisizokidhi vigezo vya Windows 11 katika Eneo la Uchumi la Ulaya waliongezewa mwaka wa masasisho ya usalama bila malipo, baada ya vyama vya walaji kupaza sauti. Kwingineko, asiyetaka kuunganisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya Microsoft wala kutumia pointi zake za zawadi alitakiwa kulipa dola 30. Bei ya mfumo uliokuja na mashine haikuishia kwenye risiti ya dukani.

Italia inaonyesha kwamba hata ndani ya Ulaya njia nyingine ilikuwepo. Mwaka 2014 mahakama yake ya juu iliamua, katika shauri lililoihusu HP, kwamba mnunuzi anayeyakataa masharti ya leseni ana haki ya kurudishiwa bei ya leseni huku akibaki na kompyuta. Desemba 2020 mahakama ya Monza iliiamuru Lenovo kumlipa mnunuzi mmoja fidia ya euro 20,000 kwa jinsi ilivyompinga katika kudai leseni iliyokadiriwa kuwa ya euro 42. Majaji wa Italia hawakuona kwamba euro 42 ni kitu kisichohesabika.

Nchi zetu zina sheria za kuanzia. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza mwenye nguvu ya soko kuufunga mkataba kwa masharti ya ziada yasiyohusiana na kinachouzwa, na kifungu cha 10 cha Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 kinakataza matumizi mabaya ya nguvu hiyo. Mamlaka zinazosimamia sheria hizi zina uwezo wa kudai nyaraka. Zikiiga kipimo cha Luxembourg, zitaishia kumuuliza muuzaji wa mtaani kama alimweleza mteja, naye atajibu kwa haki kabisa kwamba alimweleza. Zikianza na mikataba ya leseni, na kudai kila kompyuta mpya iuzwe ikiwa na bei ya mfumo wake iliyoandikwa kando ya bei ya mashine, zitakuwa zimefanya zaidi ya walichofanya Wazungu kwa miongo miwili.

Kuna hatari moja ambayo hata bei ya wazi haiiondoi. Mwaka 2012, katika vigezo vya kuidhinisha mashine za Windows 8, Microsoft iliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida kumwachia mwenye mashine uwezo wa kuzima kinga inayozuia mfumo usiotambuliwa kuwaka. Kwa mashine zenye vichakataji vya ARM ilielekeza kinyume: kinga hiyo isizimike. Kwa Windows 10, hata kwenye kompyuta za kawaida, swichi hiyo iliachwa kwa hiari ya mtengenezaji. Siku watengenezaji wakiamua kwa pamoja kuiondoa, rafu ya FreeDOS ya Nairobi na Dar es Salaam itakuwa ya mapambo tu, kwani mnunuzi atakuwa amelipia mashine isiyokubali kuamshwa na mfumo alioutaka. Kwa hiyo sharti la kuiacha swichi hiyo wazi liandikwe katika vigezo vya kuingiza kompyuta nchini sasa hivi, wakati nyingi ya mashine zinazoingia bado zinayo.